Luku, Cherehani na Ngeli ya Kwanza

Neno pango lina maana mbili ambazo kwa miaka mingi nilizifundisha ubaoni bila kupata kuonja hata moja. Pango ni uwazi ndani ya mwamba. Na pango ni fedha anayotoa mtu ili akae katika nyumba isiyo yake. Hili la pili, niliwaambia wanafunzi, limezaliwa na kitenzi panga, ambacho kina matawi mengi: kupanga vitabu, kupanga safari, kupanga nyumba. Anayekaa katika nyumba ya mwingine kwa malipo ni mpangaji, na anayetunga beti naye ni mpangaji wa vina. Tuliandika mifano mitano, kengele ikalia, nami nikarudi katika nyumba ya shule, ambako pango halikunihusu.

Nilistaafu mwaka 2019, nikiwa na umri wa miaka 60, baada ya kufundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Shinyanga tangu nilipotoka chuo cha ualimu. Mwalimu anapostaafu hukabidhi vitabu, kisha funguo, kisha nyumba. Mwanangu wa kiume, anayeishi Dar es Salaam, alinitaka nihamie kwake, nikakaa miezi miwili. Mkwe wangu hakunikosea hata kwa neno moja. Lakini wahenga walikwisha kutuambia kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na katika nyumba ile mimi sikupewa jembe. Kila nilichogusa nilipokonywa kwa heshima: "Mama, pumzika." Nilipoona kwamba napumzishwa kana kwamba nimekwisha kufa, nilitafuta dalali.

Dalali ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ila lugha ya madalali wa Dar es Salaam ni mali yetu wenyewe. Kijana aliyenipokea kituoni alisema, pasipo kupumua: "Mama, kuna chumba masta, sebule na jiko, ndani ya fensi, luku ya kuchangia, dakika tano kutoka lami." Nilimwomba anifasirie kama ninavyofasiriwa utenzi wa kale. Masta ni chumba cha kulala chenye choo na bafu ndani. Fensi ni ukuta wenye geti. Dakika tano ni robo saa, ikiwa mvua haijanyesha. Na luku, kama wengi mjuavyo, ni kifupisho cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, kifupisho ambacho watu wamekikubali hata kikawa nomino kamili: luku hununuliwa, luku huisha usiku wa manane, na luku, kama nilivyokuja kugundua, hugombaniwa.

Kodi ilikuwa Sh. 250,000 kwa mwezi, ilipwe miezi sita kwa mkupuo, na juu yake kodi ya mwezi mmoja iwe ya dalali. Mwenye nyumba alinitazama kwa muda, mwanamke wa makamo asiye na mume wala mtoto pembeni, akauliza nitaishi na nani. Nikamjibu kwamba nitaishi na vitabu. Akacheka, akanipa mkataba. Nilirekebisha makosa matatu ya tahajia kabla ya kutia sahihi. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo lililonitambulisha katika nyumba ile: siku ya kwanza tu nilikwisha kuwa "Mwalimu", na jina hilo lilinipendeza kuliko ilivyofaa.

Nyumba ile iko Sinza. Wanaoifahamu Sinza wanajua kwamba ni eneo lililopimwa viwanja katika miaka ya 1970 ili watu wa kipato cha kawaida wajenge, na kwamba leo limejaa nyumba za kupanga, fremu za maduka, saluni, baa, makanisa, misikiti na studio. Mimi nililipenda kwa majina ya vituo vyake. Afrika Sana. Kumekucha. Mapambano. Kijiweni. Palestina na Vatikani zimo katika Sinza hiyo hiyo moja, na mtu aweza kutoka moja hadi nyingine kwa miguu bila kuonyesha hati ya kusafiria. Kipo pia kituo ambacho makondakta hukiita Kwa Remmy. Huyo ni marehemu Remmy Ongala, mwanamuziki aliyezaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, akaongoza Orchestra Super Matimila na kufariki mwaka 2010. Mgeni kutoka Kongo aliimba kwa Kiswahili hadi mtaa ukachukua jina lake. Naomba msomaji alihifadhi jambo hilo, kwa maana mimi sikulihifadhi.

Ndani ya geti letu tulikuwa wapangaji wanane na luku mbili. Sitataja majina ya wenzangu. Nitawaita kwa kazi zao. Wanne tuliochangia luku moja tulikuwa hivi. Mchongaji alikuwa Mmakonde kutoka Newala, anayeuza vinyago vya mpingo katika soko la wachongaji la Mwenge, na ambaye kila asubuhi tulimsikia akipiga patasi uwani kabla ya kuondoka. Prodyuza alikuwa kijana wa miaka 24 hivi, aliyegeuza sebule yake kuwa studio kwa kubandika trei za mayai na magodoro ukutani. Fundi alikuwa mama wa watoto wawili kutoka Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, aliyeshona magauni ya kitenge ndani ya chumba chake, nyuma ya pazia. Wa nne ndiye mimi.

Na wale vijana wa Prodyuza! Nilikuja nikiwa nimejiandaa kuwachukia. Lakini jioni moja mmoja wao aligonga mlango wangu, akaamkia "shikamoo", akauliza: "Mwalimu, nipe neno linaloishia na -isha, ila lisiwe maisha." Nilimpa saba. Nikagundua kwamba wao pia husema vina, wao pia husema mistari, na kwamba huhesabu kwa mapigo ya ngoma kile ambacho sisi twakihesabu kwa vidole na kukiita mizani. Katika wimbo wao mmoja alisema "nilikuwaga". Hilo ni neno ambalo kwa maisha yangu yote ya kazi nililikata kwa wino mwekundu, kwa sababu wanafunzi wangu wa Shinyanga waliandika "tunaendaga" na "anasemaga" kila wiki. Lakini kwa kijana yule nilitabasamu. Nilijiambia kwamba ile ni sanaa, na sanaa ina ruhusa yake.

Sasa nieleze kikao.

Mwezi wangu wa pili pale, luku yetu ilianza kuisha kabla ya siku yake. Kila mmoja wetu alikuwa akitoa Sh. 10,000, na fedha hizo hazikufika tena mwisho wa mwezi. Msimamizi wa nyumba akaitisha kikao uwani Jumapili jioni, wakaja wapangaji wote wanane, hata wale wa luku ya pili, maana ugomvi wa jirani ni tamasha lisilo na kiingilio. Msimamizi akatoa pendekezo: mwenye kazi inayokula umeme alipe mara mbili. Akamtaja Fundi, kwa sababu cherehani chake kilisikika kutoka alfajiri hadi usiku. Prodyuza hakutajwa, studio yake, ikiwa imezibwa kwa magodoro, haikusikika.

Fundi akasimama. Alikuwa mwanamke mtaratibu, na mbele ya watu sauti yake ilipungua. Akasema: "Batoto yangu banalalaka saa mbili, na miye…"

Hapo nikaingia. Sikuwa na nia mbaya. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii. Nilisema kwa upole ule ule niliousemea darasani: "Watoto wangu hulala, mama. Watoto wangu hulala saa mbili."

Uwanja mzima ukacheka. Hawakucheka kwa ukatili. Mtu mmoja alirudia "batoto" kwa sauti ya kuigiza, mwingine akasema, "Leo umepatikana, shule imehamia hapa." Hata mimi nilitabasamu, kama mtu aliyetoa huduma. Fundi naye akatabasamu, akasema "Asante, Mwalimu", akaketi. Sentensi yake haikufika mwisho. Pendekezo likapita. Tangu mwezi ule akawa analipa Sh. 20,000.

Baada ya hapo hakunichukia. Ingekuwa nafuu. Alinisalimu kila asubuhi kwa neno moja tu, "Shikamoo", ingawa umri wetu haukupishana kwa kiasi cha kuidai, na neno hilo ni salama, halina ngeli wala kiambishi cha kukosea. Akiwa na jambo la kuniambia, alimtuma mtoto. Watoto wake wanasoma shule ya msingi hapa hapa, wanazungumza kama watoto wa Sinza. "Bibi, mama anasema geti likifungwa leo utamfungulia?" Nilikuwa nimeishi na watu wanaoniogopa kwa miaka mingi, na nilidhani hiyo ndiyo heshima. Sikushtuka.

Ilipita miezi minne. Usiku mmoja wa Machi mvua ilinyesha kwa nguvu na umeme ukakatika mtaa mzima. Muziki wa baa ya jirani ukazima. Feni yangu ikazunguka mara ya mwisho ikasimama. Kwa Prodyuza nikasikia vijana wakilalamika kwamba wamepoteza kazi ambayo hawakuihifadhi. Niliketi gizani nikisikiliza mvua ikipungua, na mvua ilipokwisha, nikasikia sauti nyingine ikiendelea, ya taratibu, yenye mizani isiyopungua wala kuzidi. Ilikuwa cherehani.

Nilichukua muda kuelewa nilichokuwa nikikisikia. Umeme ulikuwa umekatika Sinza nzima, na cherehani kilikuwa kinashona.

Nilitoka na tochi ya simu. Pazia la Fundi lilikuwa limesogezwa ili hewa ipite. Alikuwa ameketi kando ya taa ndogo ya sola, mguu wake ukipanda na kushuka juu ya kikanyagio cha chuma. Siku hizi mafundi wengi wa mjini wamefunga mota, ndiyo maana hakuna aliyejisumbua kuuliza. Chake kilikuwa cha miguu, kama vile alivyokuwa navyo kila fundi katika utoto wangu. Hakikuwa na waya. Hakikuwahi kula hata uniti moja ya luku yetu.

Ndipo nilipoisikia nusu ya pili ya sentensi ile. Batoto yangu banalalaka saa mbili, na miye ninashona kwa mguu. Au kwa maneno mengine yoyote ambayo angeyachagua, kwa kuwa sikumpa nafasi ya kuyachagua. Nilikuwa nimesahihisha utangulizi wa utetezi wake, na utetezi wenyewe ukafia mdomoni. Miezi minne, Sh. 40,000 za ziada, kutoka kwa mama anayeshona usiku kwa taa ya sola ili asiguse umeme.

Sikulala vyema. Nilifanya ambalo mwalimu hulifanya akitaka kuahirisha jambo gumu: nilirudi katika somo.

Nilianza na ngeli ya kwanza na ya pili. Tunasema mtoto, watoto. Lakini m- hii yetu ni mu- iliyopoteza irabu yake. Bado tunaiona ikiwa hai katika muumba na muungwana. Wasukuma, ambao niliishi nao maisha yangu ya kazi, husema munhu. Wahaya husema omuntu, na wingi wake ni abantu. Ile b ya "batoto" iliyouchekesha uwanja wetu ni b hiyo hiyo ambayo wanaisimu waliitumia kuipa familia nzima ya lugha zetu jina la Kibantu. Fundi hakuwa amekiharibu kiambishi. Alikuwa amekileta kutoka upande ule wa familia ambao bado unakitumia.

Kisha -aka. Banalalaka: hulala kila siku, ni mazoea yao. Kikuyu kina -aga kwa kazi hiyo, na Kisukuma kina -aga vilevile. Ile "tunaendaga" ya wanafunzi wangu, ile "nilikuwaga" ya kijana wa studio, na ile "banalalaka" ya mama wa Uvira ni ndugu. Nilikata mmoja kwa wino mwekundu, nikatabasamia wa pili, nikamwaibisha wa tatu hadharani.

Sitaki nieleweke vibaya. Mimi bado ni mtetezi wa Kiswahili sanifu, na mwanafunzi atakayeandika "batoto" katika mtihani nitamnyima alama, na nitamweleza kwa nini. Lugha ya kuandikia sheria, vitabu na mitihani inahitaji makubaliano. Lakini makubaliano ni kitu kilichofanywa na watu kwa tarehe zinazojulikana. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuusimamia. Kimvita, lugha ya Muyaka bin Haji, kilishindwa. Je, sisi wapenzi wa ushairi tulimtupa Muyaka? La hasha. Tunapokutana na "mato" badala ya macho, na "ndoo" badala ya njoo, tunainamisha vichwa na kusema: hiyo ni lahaja. Mshairi akikata neno tunaiita inkisari. Akilirefusha tunaiita mazida. Tumempa mshairi ruhusa nzima yenye majina ya Kiarabu. Kijana wa studio nilimpa ruhusa hiyo kwa sababu ana ngoma. Remmy alipewa na taifa zima. Jirani yangu, aliyesimama uwani kutetea fedha ya chakula cha wanawe, nilimnyima.

Basi nikaandika ubeti mmoja wa tarbia, kwa sababu kuomba radhi kwa mdomo kulinitia hofu:

Umeme ulikatika, giza likaja nyumbani,
Mguu haukuchoka, ukanigonga moyoni,
Nikajua tulicheka, haki ikaenda chini,
Neno langu lilivuka, nisamehe we jirani.

Jioni iliyofuata nilibisha hodi kwa Fundi nikiwa na karatasi ile mkononi. Alikuwa akipiga pasi ya mkaa. Kwanza nilisema kwa maneno yasiyo na vina: kwamba nilimkatiza kikaoni, kwamba kwa ajili hiyo amelipa asichodaiwa, na kwamba Jumapili nitaitisha kikao na nitasema hivyo mbele ya watu wale wale. Alinisikiliza bila kuacha pasi. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba lililomuuma halikuwa fedha; ni kwamba wanawe walikuwa wamesimama dirishani, na tangu siku ile mkubwa humsahihisha mama yake dukani.

Kwa hilo sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Yule mkubwa, wa darasa la tano, alikuwa amekaa kitandani na daftari lake. Aliiomba karatasi, akausoma ubeti kwa sauti, vizuri sana, akituo mahali pa kutua. Mwishoni akainua kichwa: "Bibi, hapa umekosea. 'We' siyo sanifu. Mwalimu wetu anasema tuandike 'wewe'."

Nilianza kumweleza habari ya inkisari: kwamba kila kipande kina mizani nane, kwamba "nisamehe wewe jirani" ingekuwa tisa, kwamba mshairi anaruhusiwa kukata. Mama yake akaweka pasi chini, na kwa mara ya kwanza tangu kikao kile akasema nami sentensi nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Kumbe, Mwalimu, unakatakaka maneno sawa vile miye ninakatakaka kitambaa."

Mtoto alifungua kinywa kusahihisha. Nikamwekea mkono begani. "Mwache mama yako amalize," nikasema. "Yuko sahihi."

Jumapili nikasimama uwani. Ni vigumu kuliko nilivyodhani, kukiri kosa mbele ya watu waliokuita Mwalimu kwa heshima. Mchongaji aliniunga mkono mapema. Alisema kwamba yeye alijua tangu mwanzo kuwa cherehani kile ni cha miguu, maana yeye ndiye aliyewahi kukitengeneza kikanyagio chake, lakini baada ya kicheko kile aliona aibu kulirudisha jambo nyuma. Kumbe kicheko kilikuwa kimewafunga watu wawili vinywa. Msimamizi alisema fedha zilizokwisha kutumika hazirudi. Tukabishana hadi magharibi, tukakubaliana kwamba Fundi asichangie kitu kwa miezi minne, na kwamba studio ilipe mara mbili. Prodyuza alinung'unika, kisha akalipa. Naambiwa nimo katika wimbo mmoja, na sijauomba kuusikia.

Mkataba wangu uliisha, kodi ikapanda hadi Sh. 280,000, na mwanangu akaniuliza kama sasa nimechoka na niko tayari kurudi kwake. Nikalipa miezi sita mingine. Mwezi uliopita nilimpelekea Fundi kitenge anishonee gauni la harusi ya mpwa wangu. Alinipima, akaandika vipimo vyangu ukutani kwa chaki, akanitajia bei. Hakunipunguzia hata shilingi, nami sikuomba.